Anayejua Ndiye Anayeonja

Mvua ya kwanza ikikaribia, chakula hunishinda. Wingu linapojikusanya upande wa milima ya Matogoro, jirani zangu hapa Ruhuwiko hutoa ndoo na masufuria nje, watoto hupiga kelele, na mimi husogeza sahani pembeni. Mume wangu alizoea kunitania kwamba nafunga Kwaresima kabla ya Krismasi. Watu husifu harufu ya udongo uliolowa. Mimi harufu ile hunirudisha jikoni kwetu, tumekaa kimya sakafuni, mtu mmoja anakula na sisi tunamtazama tuone kama atakufa.

Nilikulia kijijini, barabara ya kwenda Namtumbo, na kule mwaka ulikuwa na ladha zake. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba ilikuwa ya kande na maharage mapya. Ukungu ulilala shambani mpaka jua linapanda, tukaota moto jikoni, kihenge kimejaa mahindi na watu wazima wanacheka ovyo. Mwezi wa tisa upepo ulianza kuchokoza vumbi, mboga zikakauka, tukagombana kwa sababu zisizo na kichwa wala miguu. Mwezi wa kumi na moja matunda ya masuku yaliiva porini na tulirudi nyumbani midomo inanata. Kisha ikaja mvua, na mvua ndiyo iliyoleta njaa.

Mgeni huliona jambo hilo ajabu. Kila kitu ni kijani, mito imejaa, na watu hawana cha kutia chunguni. Ndivyo ilivyokuwa: mahindi ya mwaka uliopita yameisha, ya mwaka huu hayajafika magotini. Mama alisonga ugali wa makopa ya muhogo, ule mweusi unaoteleza, akatuambia tule bila kunusa. Watu walikuwa wakali miezi hiyo. Walimu walichapa zaidi, baba alinuna, na mama, ambaye wakati wa baridi aliimba akitwanga, aliweza kumaliza siku nzima bila kutia neno. Nilidhani ananichukia. Mahindi mabichi yalipokomaa, akachoma la kwanza na kunikatia kipande, nikajua kumbe ilikuwa njaa tu.

Katikati ya miezi hiyo kilichotusaidia ni uyoga. Mvua ikishanyesha vizuri, mama aliondoka alfajiri na kikapu, akarudi kanga imelowa mpaka kiunoni. Alileta ule mpana mweupe unaoota kwenye vichuguu, na ule mdogo wenye rangi ya kiini cha yai la kuku wa kienyeji. Aliupika na karanga zilizotwangwa. Harufu yake, kwa mtoto aliyeshinda na makopa, ilitosha kumtoa machozi.

Lakini hatukuugusa. Nyumbani kwetu kulikuwa na sheria: aliyechuma ndiye anayeonja, tena mchana, wengine wakiwa hawajatia kitu mdomoni. Mama hakuonja kwa ncha ya kijiko. Alijipakulia sahani nzima, akala akaimaliza mbele yetu, halafu akaenda mtoni kufua. Akirudi na nguo zake kichwani, akitembea sawasawa, ndipo tulipopewa. Uyoga wote niliokula utotoni ulikuwa umepoa.

Sheria hiyo ilikuwa na sababu. Chini kidogo ya kwetu palikuwa na nyumba ambayo mlango wake haukufunguliwa tena. Familia ile ilikula uyoga pamoja jioni moja ya mvua, baba, mama na watoto, na hakuna aliyepona. Sikuwaona wakiumwa. Nilichokiona ni ule mlango, na boga lililokuwa likitambaa juu ya paa mwaka baada ya mwaka, likizaa, na hakuna aliyelichuma. Watu wakipita pale walishusha sauti. Tulipokuwa na njaa kaka yangu alisema twende tukachume yale maboga, mama akamzaba kibao ambacho nakisikia mpaka leo.

Kwa hiyo watoto wenzangu walipoikimbilia mvua ya kwanza wakicheza, mimi nilijificha nyuma ya kihenge. Kwao mvua ilikuwa kumbikumbi na matope. Kwangu ilikuwa mama mwenye sahani mkononi, na mimi nikitazama koo lake likipanda na kushuka.

Nilimwomba anifundishe. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeshaanza kusonga ugali wa nyumba nzima, na wenzangu walikuwa wakienda porini na mama zao. Alikataa. Nikang'ang'ania, nikamwambia asiyejua uyoga atachekwa ukweni.

“Acha wakucheke,” alisema. “Ukiujua, utauonja.”

Usilolijua ni kama usiku wa giza, wanasema wahenga. Mama alikusudia nibaki gizani humo.

Miaka mingi baadaye, nikiwa chuo cha ualimu, nesi mmoja tuliyepanga naye chumba kimoja mtaani aliniambia jambo ambalo heri ningelikosa. Alisema uyoga mbaya kuliko yote hauui papo hapo. Hukaa tumboni kimya, mtu anakwenda shamba, anakwenda kanisani, analala vizuri, na ubaya wake huanza wakati amekwishausahau. Nikaweka kalamu chini. Ina maana kusubiri kwetu kote hakukutukinga na kitu. Mama angeweza kurudi kutoka mtoni akitembea sawasawa, akatupakulia, na tukamfuata wote. Sikumwambia kamwe. Lakini tangu siku hiyo naogopa zaidi, maana niliona kwamba sahani ile haikuwa dawa, ilikuwa mama anatangulia.

Baba alipofariki nilimchukua mama akaja kuishi nasi hapa mjini. Mume wangu ni mtumishi wa serikali, alihamishiwa huku kutoka Kanda ya Ziwa, na uyoga kwake si chakula. “Kwetu tunakula samaki,” humwambia mama, “ana macho, unajua unakula nani.” Mama alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Walipendana wale wawili, mkwe na mama mkwe, kuliko inavyoruhusiwa na desturi.

Kisha mama akaanza kupoteza miezi. Majina hakuyapoteza, wala njia ya kwenda kanisani. Alipoteza majira. Katikati ya baridi, ukungu umeziba mpaka dirishani, aliniomba masuku. Nikamwambia masuku bado sana, akanitazama kama mnyimi. Siku nyingine, jua la mwezi wa kumi linachoma bati, alivaa sweta mbili na kudai kande ya moto, akaila akitetemeka. Mahindi mabichi yalipokomaa nilimwekea kipande cha hindi la kuchoma, akakitupa, akasema mtu hali mahindi mabichi wakati wa mavuno, ni uchawi.

Kilichonitisha zaidi ilikuwa njaa. Tulikuwa tumetoka kuvuna, magunia yamejaa chumba cha nyuma, na mama akaingia katika ule ukimya wake wa miezi ya mvua. Alipunguza ugali wake na kuuficha chini ya mto. Nilipotandika kitanda niliukuta umeota kuvu.

“Ni wa watoto,” alinieleza kwa sauti ya chini, ili watoto wasisikie. Mtoto aliyebaki nyumbani ni mmoja, naye alikuwa shuleni. Watoto aliowasema walikuwa sisi. Nilikaa juu ya kile kitanda nikalia kwa hasira, maana nilifikiri njaa ile tulishaiacha kijijini, kumbe ilipanda gari pamoja naye.

Mwaka jana mvua ya kwanza ilinyesha jioni. Siku chache baadaye, asubuhi na mapema, kitanda chake kilikuwa kitupu. Tulimtafuta kwa majirani, mume wangu akachukua pikipiki akaenda mpaka barabara kuu. Jua lilikuwa limepanda aliporudi mwenyewe kwa miguu, akitokea upande wa ule msitu uliobaki nyuma ya makazi, kanga imelowa mpaka kiunoni. Alikuwa amefunga kitu kwenye kanga ya juu.

“Shikamoo, mama,” nilisema.

“Marahaba. Washa moto.”

Akafungua kanga mezani. Ulikuwa uyoga, wa kila namna. Mpana mweupe ulikuwepo, wa rangi ya kiini cha yai ulikuwepo, na ulikuwepo mwingine ambao sikuwahi kuuona katika kikapu chake.

“Umeutoa wapi huu, mama?”

“Porini. Kwani uyoga unauzwa duka la dawa?”

Jirani yetu, mama mmoja wa jumuiya yetu ya kanisani anayetoka huku huku Ungoni, alikuwa amekuja kutusaidia kutafuta. Aliuangalia ule uyoga akanivuta pembeni. Akasema baadhi anaujua, mwingine haujui, na bibi kwa hali yake asiachiwe aule. Mume wangu hakuwa na maneno mengi. “Mwaga,” alisema. “Mwaga kabla hatujatafuta gari la hospitali.”

Walikuwa na haki wote wawili, na mimi sikuweza. Mama alikuwa anaimba. Alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, anatwanga karanga, uso wake umefunguka namna ambayo sikuiona tangu baba alipokuwa hai. Mvua imenyesha, na yeye alijua kwamba mvua imenyesha. Mwezi wake na mwezi wetu ulikuwa mmoja, kwa mara ya kwanza tangu baridi. Nikimwaga ule uyoga nitakuwa nimemwambia kwamba hata hapa amekosea, na sikujua baada ya hapo atashika wapi. Nisipoumwaga atakula, atakula kwanza, sahani nzima, kama alivyotufanyia sikuzote.

Akapika. Jikoni kukajaa ile harufu. Mate yalinijaa mdomoni na mwili ukanisisimka wakati huo huo, na nilijichukia kwa yale mate. Akapakua, akakaa, akaweka sahani mapajani.

Nikamwondolea sahani. “Leo naonja mimi,” nilimwambia.

Mpaka sasa sijui kama ningekula kweli. Nilikuwa nimechoka kuogopa, hilo tu ndilo ninalolijua. Mume wangu aliita jina langu kwa ukali mlangoni. Mama akanipiga mkono, kwa nguvu, ile nguvu ya zamani.

“Wewe unaujua uyoga?”

“Siujui.”

“Asiyejua haonji.”

“Na wewe, mama,” nikasema, “unaujua?”

Alifungua mdomo kunijibu. Halafu akachukua kipande kwa vidole, akakiinua kwenye mwanga wa mlango, akakigeuza, akakinusa. Niliuona uso wake ukifunga taratibu.

“Nimeuchuma mimi huu?”

“Ndiyo, mama.”

“Chini ya mti gani?”

Aliniuliza kama mtu anayemuuliza mwenzake waliyekuwa naye. Akangoja. Nilitamani kumtajia mti, mti wowote, ili akae katika furaha yake dakika moja zaidi, na kama ningeutaja angekula. Nikanyamaza.

“Basi hauliwi,” alisema.

Akainuka. Akalichukua sufuria lote na sahani yangu pia, akaenda mwenyewe mpaka chooni, akamwaga humo ili hata kuku wasiupate. Akarudi akaosha vyombo kwa majivu, akavisuuza na kuvisugua tena. Jirani alianza kulia, akasingizia moshi. Mama hakulia. Alipomaliza alisimama kwenye kibaraza akitazama mvua iliyokuwa inaanza upya, na akaniuliza huu ni mwezi gani.

Ule uyoga aliusahau haraka. Sheria hakuisahau, ila iligeuka ndani yake. Siku ile ile nilisonga ugali nikaunga dagaa wa Nyasa, nikampakulia, naye akaweka mikono mapajani.

“Kula, mama.”

“Kula kwanza wewe.”

Ndivyo tunavyoishi mpaka leo. Hagusi chakula chochote kabla yangu, uwe uji, liwe parachichi nililomenya mbele ya macho yake. Watoto wetu walipokuja likizo waliona kichekesho, nikawakaripia kuliko walivyostahili. Mume wangu hatanii tena mezani. Daktari alisema ni sehemu ya ugonjwa, na nilimshukuru, nikarudi nyumbani kula kwanza.

Sasa ni baridi tena. Ukungu wa leo haukuondoka mpaka mchana, na maharage mapya yamefika kutoka shamba. Nilipika kande, nikajipakulia, nikaketi mbele yake. Alilitazama koo langu. Nilitaka kumtazama usoni nimwonyeshe kwamba ni kande tu, hakuna cha kuogopa, nikashindwa. Nilikaza macho mlangoni nikatafuna. Nikakumbuka kwamba mama naye, miaka yote ile, hakututazama hata mara moja wakati anakula. Nilikuwa nikidhani ni utamu.

Nikamaliza, nikamsogezea sahani yake.

“Una uhakika?” aliniuliza.

Nikamwambia ninao, naye akala.