Bibi Alikuwa Akiuliza Kama Inauma

Enzi zetu, mtoto wa kike wa Iringa alijifunza kusuka kwenye mahindi. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka. Mwezi wa pili, mahindi yakishatoa ndevu na kabla punje hazijakaza, tulikuwa tunaingia shambani kwa kunyata, tunachuma hindi changa, tunalipa jina na kulifunga mgongoni kwa kipande cha khanga. Tukimaliza kulibembeleza tunakaa kwenye tuta kulisuka. Nywele zake zilikuwa laini na ndefu, zinateleza vidoleni na kulala upande wowote unaotaka. Mama alipogundua mabua yaliyobaki bila kitu alituchapa, lakini wiki iliyofuata tulirudi. Nadhani matatizo yangu yote ya nywele yalianzia pale, maana nilizoea kusuka nywele zinazolala, kisha nikajishika kichwani nikakuta zangu zimesimama.

Zangu zilikuwa kipilipili hasa. Binamu yangu Tabitha, tuliyelelewa naye nyumba moja pale Kihesa, alijaliwa nywele laini za kuning'inia, na kila mgeni aliyefika alimshika kichwa yeye kwanza. Shuleni angalau tulikuwa sawa, maana wote tulinyolewa. Mwalimu wa zamu alipita mstarini asubuhi na baridi ile ya Iringa, akijaribu kubana nywele zako kwa vidole viwili. Zikishikika, alikukata barabara moja katikati ya kichwa kwa mkasi na kukuacha ukamalizie nyumbani. Leo watoto wanaruhusiwa kusuka na bado wanalalamika kwamba shule inawanyima uhuru. Nikisikia hivyo nacheka peke yangu.

Tulipomaliza darasa la saba ndipo nywele zikaachwa ziote, na hapo ndipo Bibi akanichukua. Alikuwa mama yake baba, mkulima wa nyanya na vitunguu kule Kalenga, mwanamke mfupi mwenye vidole vya moto hata mwezi wa saba. Jumamosi nilikuwa naenda kwake. Nikimwamkia "Kamwene", yeye alikwisha kuweka sufuria ya maji jikoni. Alingoja jua lifike utosini, kwa sababu hakutaka tuoshe kichwa kwenye baridi, halafu ananikalisha kwenye mkeka, mabega yangu yakiwa katikati ya magoti yake. Gauni lake lilinuka moshi wa kuni na majani ya nyanya. Pembeni kulikuwa na kikombe cha togwa changu, na nilikatazwa kukigusa kabla nusu ya kichwa haijaisha.

Bibi hakuwa na haraka. Alinilowesha nywele kwa maji ya uvuguvugu, akazigawa mafungu manne, matatu akayafunga ili yasimsumbue. Sabuni alitia mara moja kwa mwezi tu, tena kwenye ngozi ya kichwa. Baada ya maji ndipo yakaja mafuta ya alizeti aliyochanganya na nyonyo kidogo. Mimi nilitaka aanze na mafuta, kwa kuwa yalikuwa yanang'aa. Alinijibu hivi: "Mafuta ni mfuniko. Sasa wewe unataka kufunika sufuria tupu?" Alichana kwa chanuo la mti lenye meno mapana, akianzia ncha na kupanda polepole kuelekea kwenye ngozi, na alipokutana na fundo aliliweka chanuo chini akalifungua kwa vidole. Ncha zilizochoka alizipunguza kwa mkasi. Mwishoni alizungushia uzi mweusi fungu moja moja, akanifunga kitambaa cha kulalia, na kuniambia nisiziguse mpaka wiki mbili ziishe.

Katikati ya kazi hiyo yote aliuliza neno moja. "Inauma?" Aliuliza kila fungu, kila mara. Ukisema ndiyo, analegeza. Mama zetu wengine walikuwa wanatusuka huku wanatupiga kichwani kwa kitana tukilia, wakisema ukitaka uzuri sharti udhurike. Bibi hakuupenda kabisa msemo huo. Alisema ulitungwa na msukaji, anayesukwa hakuulizwa.

Nilimlalamikia kuhusu Tabitha. Kwa nini yeye anaosha kila anapotaka, anachana kavu, na zinakua? Bibi akanielekeza bondeni, kwenye matuta yake. Akasema kule chini kuna udongo wa kichanga na huku juu kuna mfinyanzi, na mtu akilima kote kwa namna moja atavuna upande mmoja tu. "Za Tabitha ni za Tabitha. Zako zina kiu, basi. Zinyweshe, ziache zipumzike, usizivute." Nilimsikia, ila sikumwamini. Nilikuwa na miaka kumi na minne na Kipaimara ilikuwa inakaribia.

Kipaimara kwetu Walutheri ilikuwa jambo kubwa. Gauni jeupe, viatu vyeupe, picha na Mchungaji, pilau na kuku. Bibi alikuwa amenitunzia nywele karibu mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Zilikuwa zimefika mabegani zikivutwa, jambo ambalo hakuna mtu Kihesa aliyelitegemea kwenye kichwa changu. Alipanga kuja Jumamosi, siku moja kabla, anisuke mwenyewe. Mimi nikaona uzi mweusi juu ya gauni jeupe ni ushamba. Nilitaka zilale kama za lile hindi changa.

Shangazi, tuliyeishi naye nyumba ileile, alikuwa anafanya kazi saluni mjini na aliweka kopo la dawa ya kulainisha nywele chini ya kitanda. Alhamisi ile, akiwa kazini, nikamwomba Tabitha anipake. Yeye alikuwa ameshapakwa na Shangazi, na kwake dawa ilifanya kazi kabla hata hajaanza kuwashwa. Tukapiga hesabu yetu ya kitoto. Nywele zake laini zimechukua muda mfupi, hivyo zangu ngumu lazima zichukue mara tatu. Ilipoanza kuchoma niliuma meno, nikajiambia huo ndio uzuri wenyewe unaingia. Ilipozidi nikakimbilia bombani, bomba likatoa hewa tu. Maji ya ndoo tulikuwa tumepikia maharage. Tabitha alikimbia kwa jirani, na aliporudi na kopo moja la maji, nilipojimwagia, nywele zilishuka nayo. Zilianguka kwenye karai kimya kimya, mafungu kwa mafungu. Mwaka mzima wa mikono ya Bibi ulikuwa pale kwenye karai.

Jumamosi Bibi akaja na nyuzi zake amezifunga kwenye pindo la khanga. Alinikuta nimejifunga kitambaa, nimekaa nyuma ya nyumba. Hakuna mtu aliyekuwa amemwambia. Alikifungua, akatazama vidonda na vishungi vilivyobaki, na mimi nikasubiri kofi. Nilikuwa nalitamani lile kofi, kwa kweli, ili yaishe. Bibi akaweka kidole pembeni ya kidonda na kuuliza, "Inauma?"

Nililia mpaka nikapata kwikwi. Alininyoa kwa mkasi, taratibu, akazunguka vidonda, akanipaka mafuta. Nyuzi zake akazirudisha kwenye pindo.

Kesho yake nikaingia kanisani na gauni jeupe na kipara. Sasa, kwetu mtu akinyolewa namna ile ghafla, watu wanajua ametoka kuzika. Tulipotoka nje akina mama wakatufuata mmoja mmoja, nyuso zimeshuka. "Poleni. Mmefiwa na nani?" Mama yangu alitamani ardhi ipasuke. Bibi akajibu kwa wote, sauti yake ileile ya kuuzia nyanya: "Zimekufa nywele. Tumeshazika, asanteni." Akanishika mkono twende kupiga picha. Picha hiyo ninayo, mimi nimenuna, yeye amesimama kama mama wa harusi.

Nywele ziliota tena, na Bibi akaanza upya, maji, mafuta, chanuo, uzi, na swali lake. Ningependa kuwaambia kwamba tangu hapo nilipata akili. Nilipata kwa miaka michache tu. Nilipoanza kazi na kuolewa huku Mbeya, nikaingia kwenye foleni na wenzangu wote. Dawa kila baada ya wiki sita, wivingi, rasta za kubana mpaka unalala umekaa. Bibi alipofariki, wanawake wa ukoo walinyoa kama desturi inavyotaka. Mimi nilikuwa nimeshonea wivingi siku tatu kabla, nikafunga kilemba kizito na kusimama nao kaburini. Hakuna aliyenisema. Mwenyewe najisema hadi leo.

Binti yangu Atupele sasa ana miaka kumi na minne, na Kipaimara yake ni baada ya miezi mitatu. Watoto wa leo wana maarifa, msiwadharau. Atu anajua aina ya nywele zake kwa namba na herufi, kama kibao cha namba za gari. Ana chupa saba bafuni, ya kuoshea, ya kulainishia, ya kupulizia, nyingine sijui ni ya nini na nadhani naye hajui. Ila mwezi uliopita alirudi kutoka saluni hapa mtaani kwetu Soweto na rasta zilizobanwa mpaka nyusi zimepanda. Kando ya paji la uso kulikuwa na vipele vimejipanga mstari. Alimeza vidonge vya maumivu ndipo akalala.

"Atu, hizo zimebana."

"Mama, zitalegea zenyewe. Ukitaka uzuri sharti udhurike, si ndiyo mnavyosema nyie?"

Ni kweli tunasema. Nilimwambia azifumue. Akagoma siku mbili, siku ya tatu akaja mwenyewe na kitana. Tulipofumua upande wa kushoto, nywele za pembeni zikatoka na rasta. Alizitazama kiganjani, akajitazama kwenye simu, na nikaiona ile sura niliyoinamisha juu ya karai Kihesa.

"Zitaota kabla ya Kipaimara?" akaniuliza.

"Sijui. Tukianza leo, labda."

Jumamosi hiyo nikachemsha maji. Nikangoja jua, ingawa la hapa Mbeya lina maringo yake, nikamkalisha kati ya magoti yangu. Mafungu manne. Maji kwanza. Nilikuwa nimeogopa kwamba mikono imesahau, kumbe ilikuwa inangoja kuitwa. Yeye alikuwa na simu, anatafuta kila ninachofanya, na kila alichokipata alinisomea. Kwamba nywele kama zake hukauka haraka. Kwamba zichanwe zikiwa na maji, kuanzia ncha. Kwamba uzi huzinyoosha bila kuziunguza.

"Mama, Bibi yako alikuwa na intaneti?"

"Alikuwa na shamba la nyanya."

Akacheka. Nikachukua fungu la tatu, lile lenye pengo pembeni, na nikasikia mdomo wangu unauliza bila mimi kuutuma, "Inauma?" Akasema kidogo. Nikalegeza. Tukaendelea hivyo mpaka mwisho, nikamfunga kitambaa.

Nilidhani tumemaliza. Atu akasimama, akanishusha mkekani, akakaa nyuma yangu kwenye kochi. "Na wewe?"

Nikajifanya sijaelewa. Wenzangu wa rika langu mnaelewa. Tuna wigi la kazini, wigi la kanisani na wigi la harusi, na chini yake hatumwonyeshi mtu. Mume wangu mwenyewe hajaniona kichwa wazi kwenye mwanga kwa miaka mingi. Nywele zangu za mbele zimerudi nyuma vidole vitatu, na niliwahi kuambiwa hospitalini kwamba pale ngozi ilipoanza kung'aa hazitaota tena. Nimempigania binti yangu nywele zake kwa sababu zangu nimeshazipoteza, na nilitaka afaidi bila kujua bei niliyolipa.

"Mama, nimeona picha ya Kipaimara yako. Nakujua na kipara. Toa."

Nikatoa. Halafu nikasikia maji, vuguvugu, yanashuka taratibu kutoka kwenye kiganja chake.

Enzi zetu hatukuwa na chupa saba. Tulikuwa na alizeti, uzi, jua la saa sita na mtu aliyekuwa na siku nzima ya kukukalisha magotini. Siku hizi kila kitu kinapatikana dukani, mtu huyo ndiye hapatikani, na sisi tuliokalishwa tulipaswa kuwa yeye. Namkumbuka Bibi yangu kuliko ninavyoweza kueleza. Nywele zilizokufa zimekufa, hizo sizidai. Lakini zilizobaki zilikuwa na kiu, na nilizisikia zikinywa.

Chanuo likafika pembeni ya sikio, mahali ambapo ngozi bado ni laini. Mkono wa Atu ukasimama.

"Inauma, Mama?"

Miaka yote saluni nilikuwa nikiulizwa hivyo najibu hapana, endelea tu.

"Ndiyo," nikasema. "Inauma."

Akalegeza.