Chatu Aliyekataa Kutoka Majini

Chatu wetu alipoingia kwenye karai la maji akakataa kutoka, manju alitangaza kwamba mvua imekaribia. Manju ndiye kiongozi wa ngoma yetu ya nyoka. Ndiye anayetunga nyimbo, na ndiye anayewaambia watu chatu anamaanisha nini. Huku kwetu Bariadi manju akisema mvua inakuja, mkulima wa pamba anasikiliza, hata yule wa kanisani anayesema hayo mambo aliyaacha zamani.

Watu wakawa wanakuja uani kwangu kumchungulia. Mama mmoja jirani alikuja na mbegu zake kwenye ndoo kabisa.

"Bado yumo?"

"Bado yumo, mayu," nikamjibu. Mayu kwetu ni mama.

"Kichwa amekielekeza wapi?"

"Amekitoa nje ya maji apate kupumua."

"Basi mvua itatokea upande wa Mwanhuzi," akasema, akaenda zake ameridhika.

Mimi sikuridhika. Chatu huyo nilimjua kuliko wao wote, na niseme kwanza kwa nini.

Zamani nilikuwa mchezaji. Nilicheza na kifutu, nyoka mfupi mnene ambaye akikuuma hupati nafasi ya pili. Aliniuma mkononi tukiwa uwanjani Nkoma. Manju akanifunga mkono kwa kamba akaikaza, akanipaka bugota, dawa yake ya mizizi, na akakataza nisipelekwe hospitali, eti sindano itaua nguvu ya dawa. Mpaka ndugu zangu wananinyakua kwa nguvu, mkono ulikuwa mweusi. Nilibaki hai, vidole vitatu havikubaki. Jina lake siliandiki. Mimi niliishia darasa la nne na sitafuti kesi na mtu, lakini akisomewa haya atajijua.

Nilipotoka hospitali jembe sikuweza kulishika vizuri, ngoma ndiyo kabisa. Kikundi kikanipa kazi ya kumtunza chatu. Walidhani wananitupia makombo. Ila mkono ulipokuwa unawaka, yule nyoka alikuwa akijizungusha kwenye mkono huo huo mbovu, mzito, wa baridi, na maumivu yanapungua. Wenzangu walikuwa wameshaacha kuja kunisalimia. Yeye alikuwepo. Kwa hiyo alipoanza kukaa majini, amegoma kula kuku, amelegea, niliogopa kama mtu anayeogopea mtu wake.

Nilianza kwa kuyaangalia yale maji. Chini ya karai kulikuwa na vitu vyeusi vidogo, kama ugoro uliomwagika. Nikaviokota kwa kidole, nikakaa juani. Kimoja kilipokauka kikaamka, kikaanza kutembea kuelekea kwenye kucha.

Nikachukua pamba kidogo kwenye gunia, nikamfuta chatu shingoni. Pamba ilirudi na madoa meusi, na mdudu niliyemponda humo alitoa damu. Chini ya kidevu, kwenye ule mkunjo, walikuwa wamejipanga. Pembeni mwa macho magamba yamevimba, yamesimama. Mgongoni kulikuwa na vumbi jeupe kama majivu, na hilo vumbi ni mavi yao. Huo ulikuwa utitiri. Si ule wa kuku ninaoujua. Huu ni wa nyoka, unanyonya nyoka.

Ulitoka wapi? Hapa namtaja mkosaji wa pili, shemeji yangu, kaka wa mke wangu. Alimchukua chatu bila kuniuliza, akampeleka kwenye mashindano ya ngoma Lalago, na huko akamlaza sanduku moja na nyoka wa kikundi kingine, eti wazoeane. Aliporudi naye ndipo mambo yakaanza.

Nikaenda kwa manju. "Huyu haiti mvua. Anazamisha wadudu."

"Wewe tangu ukatwe vidole unaona ubaya kila mahali."

"Vidole nilikatwa kwa sababu yako."

"Hayo yalishaisha."

"Yaliisha kwako."

Shemeji alikuwepo anasikiliza. Kwake yeye mdudu anayenyonya damu ni kupe, na kupe kila boma la Usukuma linajua dawa yake. Nilipokwenda sokoni akachukua dawa ya kuogeshea ng'ombe, akaitia kwenye bomba la kunyunyizia pamba, akamwogesha chatu mzima mzima na kichwa chake. Nilipofika nilimkuta anatetemeka. Nikimgeuza kifudifudi anajirudia chali, kichwa kinayumba kama cha mlevi.

"Nimekusaidia," shemeji akasema, bomba bado liko mgongoni.

Mke wangu ndiye aliyemjibu, na maneno yake siyaandiki. Mimi nilimbeba chatu hadi kwenye bomba la maji, nikamsuuza, nikamsuuza tena, mpaka harufu ikapungua. Nikamlaza kivulini penye hewa, nikampigia simu afisa mifugo wa kata.

Ni binti wa umri wa mwanangu mkubwa. Alifika na pikipiki, akasimama mlangoni, kofia ngumu hajaivua.

"Baba, nakwambia ukweli. Ng'ombe nawajua. Huyu simshiki."

"Usimshike. Niambie tu nifanye nini."

"Na asije huku."

"Mwanangu, hata kujigeuza hawezi."

Hapo akaona haya kidogo, akavua kofia. Akampigia mwenzake wa Mwanza anayetibu nyoka, wakaongea muda mrefu, na yeye akawa ananitafsiria. Kwa sasa asiongezewe dawa yoyote mpaka sumu imtoke. Akipata nguvu aogeshwe maji ya vuguvugu, yasimfike kichwani, na nisimwache peke yake humo. Pembeni mwa macho na chini ya kidevu nipake mafuta ya kula kwa pamba, kidogo, yasiingie puani. Na nirudie, kwa sababu mayai yanaendelea kuanguliwa hata ukidhani umemaliza. Sindano ingekuja baadaye, kwa kipimo cha uzito wake.

Kisha akauliza, "Analala wapi?"

Nikamwonyesha sanduku la mbao, ndani limetandikwa magunia ya pamba. Akaliangalia nyufa zake.

"Wakishashiba wanashuka kwenye nyoka, wanajificha humu, wanataga humu. Hiki ndicho kijiji chao. Magunia choma. Sanduku nalo choma, au ulimwagie maji yanayochemka kila ufa, ulianike juani mpaka likauke kabisa."

Magunia niliyachoma siku ile ile. Sanduku ndilo lilileta vita. Lilitoka kwa babu yake manju, na bugota ya kikundi imefungwa kwenye kona zake. Kwao chatu asiyelala kwenye sanduku hilo ni nyoka wa porini tu. Manju alikuja mwenyewe kulichukua.

"Maji ya moto yataiosha dawa," akasema. "Chagua. Unataka chatu wa ngoma, au unataka mdudu wako huyo wa kufuga?"

"Nataka aliye hai."

Akajitwika sanduku akaondoka. Mimi nikamhamishia chatu kwenye pipa la plastiki la mahindi, nimelitoboa matundu, nimetandika karatasi nyeupe tupu ili mdudu akidondoka nimwone. Kila nikibadilisha karatasi nilihesabu madoa. Yalikuwa yanapungua, yanazidi, yanapungua tena.

Kutetemeka kuliisha kwanza. Binti wa mifugo akarudi kwa ajili ya sindano, tukampima chatu kwa mizani ya pamba, amefungwa kwenye gunia jipya.

"Mizani hii inasema kweli?" akauliza.

"Ingekuwa inasema kweli tungekuwa na nyumba za bati wote."

Akacheka, akaipima kwanza kwa mfuko wa saruji ambao haujafunguliwa, akapata tofauti yake ndipo akapiga hesabu ya dawa. Alidunga mwenyewe. Mimi nimeshika kichwa, yeye amegeuza uso pembeni, lakini alidunga.

Siku chatu alipotoka kwenye karai kwa hiari yake, jirani yangu mwenye ndoo alisikitika. "Sasa mvua nani ataileta?"

"Itajileta, mayu."

Chatu akajivua gamba, likatoka zima tangu midomoni mpaka mkiani. Akala kuku.

Asubuhi moja manju akaja, sanduku kichwani, hana mtu wa kumsaidia. "Mwangaluka," akanisalimia. Nikaitikia. Akalitua chini. Tangu alichukue alikuwa akimlaza kifutu wake humo, na sasa kifutu naye ameingia majini huko kwake, hataki kutoka. Watu walikuwa wameanza kusema safari hii itakuja gharika.

Akachuchumaa mbele ya sanduku. Kisha akafungua zile kona moja moja, akatoa bugota yake, akaifunga kwenye leso.

"Maji ya moto unayo?"

Ningeweza kumfukuza. Sijamsamehe na sina mpango huo. Lakini kifutu hakunikosea, alifanya kama nyoka. Nikateleka sufuria kubwa, maji yakachemka, nikamkabidhi amimine mwenyewe. Ana vidole vyote kumi.

"Hapo kwenye ufa umeruka," nikamwambia. Akarudia.

Mvua ilikuja kwa wakati wake, sanduku limeshakauka, chatu amelala pakavu kwenye pipa. Nilichukua pamba nikamfuta shingoni, chini ya kidevu, pembeni mwa macho. Nikaipeleka mlangoni kwenye mwanga. Ilikuwa nyeupe.