Matanga Bila Maiti

"Umeniletea matanga bila maiti! Wateja wanalia mpaka chai yangu inazidi maji!" Mwahija, muuza chai wa Isaka, alikuwa anamfokea mshona maturubai ya malori, na spika yake yenyewe inapiga albamu ya huyo huyo: gitaa moja, na sauti ya chini kama ya mtu anayebembeleza mtoto mgonjwa. "Tia ngoma, baba, watu wacheze!" Mshonaji anapuliza chai yake tu. Akimaliza chai anashukuru kwa Kisukuma, "Wabeja, mayu," basi. Vidole vimeliwa na sindano, ila kucha ya dole gumba kaifuga ndefu kama bibi harusi, kwa ajili ya nyuzi za gitaa.

Dereva aliyetoka Rwanda akadakia. "Mama, kule milimani baridi inang'ata, na foleni nzima ya malori inamsikiliza huyu. Wakiuliza wa wapi, nawaambia wa Isaka!" Mwahija akavimba kama kamzaa yeye. Halafu moyo ukamlipuka: je, akitia ngoma kweli? "We baba, nilikutania tu! Hutaitia hiyo ngoma, eti?"

"Wabeja, mayu." Akajitwika turubai begani, akaondoka zake, vidole vikilipigapiga kama ngoma.