Dobi Anayepiga Pasi Mashujaa

Dobi wetu wa Temeke haazimishi kitabu cha picha chenye mikunjo. Vitabu anavyopewa na mabaharia wa Kiingereza huvipitishia pasi ya mkaa, ukurasa kwa ukurasa, huku akikutazama kama doa gumu. “Wewe mwoga, bwana. Chukua shujaa huyu anayeruka juu ya maghorofa. Na usimsome chooni!” Juzi Mwishehe, kuli wa bandarini, akiwa hospitali anasubiri kukatwa mguu, alinituma nimchukulie kitabu cha mwisho cha shujaa wake, huyohuyo anayeruka. Dobi akafungua mwishoni: shujaa kafa, watu wanamlilia. Akaibandika pasi pale mpaka karatasi ikafuka moshi. “Mwambie dobi mzembe kaunguza,” akasema, akipuliza majivu. “Na shujaa wake, mara ya mwisho nilimwona bado anaruka.”