Shikamoo, Cherehani

Ilianza Jumatatu, saa moja kasoro robo asubuhi, nikiwa chini ya meza ya mama, na kosa lilikuwa la mlango ulioachwa wazi.

Lakini ngojeni kwanza, nianze na harufu. Jana mama alinituma nitie mafuta kwenye cherehani yake. Nilipofungua tu kile kichupa, harufu ikanipanda puani, nikamwona tena jirani yetu Mama Upendo, kama siku ile, akikimbia na kiatu kimoja. Ndiyo maana nimeliacha zoezi la Kemia naandika haya.

Nilikuwa darasa la tatu. Nyumba yetu ni hii hii ya Maisaka, na chumba cha mbele ndimo mama alimoshonea. Mimi nilikuwa na aibu mpaka basi. Mteja akipiga hodi, nilizama chini ya meza kwenye vipande vya vitambaa, nikakaa humo hadi aondoke. Watu wengi wa mtaani nilikuwa nawajua kwa visigino.

Kila asubuhi mama alisali kwanza, sala ya kweli, sote tukitajwa kwa majina, hata kuku anayeatamia. Baada ya amina aliifuta cherehani vumbi, akaipigapiga mgongoni, akasema, "Shikamoo." Ndipo akakaa kushona. Ilikuwa cherehani ya bibi, ililetwa kutoka Mbulu juu ya lori, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Kwa kuwa ilimzidi mama umri, mimi niliona ni adabu tu. Na bibi mwenyewe alizoea kusema, kazi haiingiwi bila hodi.

Basi Jumatatu hiyo Mama Upendo, sauti ya kwanza kwenye kwaya, alileta kitambaa cheupe cha gauni la kipaimara la binti yake. Mlango ulikuwa wazi, akaingia bila hodi, akamkuta mama anaiamkia cherehani.

"Mama Rehema! Unaamkia chuma?"

"Mazoea tu, dada."

"Mazoea gani? Huo si ushirikina? Gauni la kipaimara la mwanangu halishonwi hivyo. Acha leo leo!"

Mama hapendi maneno. Akaacha.

Jamani, wiki ile! Uzi ulikatika mpaka mama akachoka kuguna. Suruali ya mwalimu mmoja ilishonwa mfuko juu na chini, hata kidole hakiingii. Mama alikalia ukingo wa kiti, kama mgeni ambaye hajaambiwa karibu. Na lile gauni jeupe, alipolimaliza, mikono ilikuwa imegeukia nyuma.

Jumamosi mchana Mama Upendo akaja na binti yake kulichukua. Kipaimara kesho yake. Upendo alipolivaa, akaanza kulia.

"Mama Rehema, nini hiki? Mwanangu ataingia kanisani kinyumenyume?"

"Sijui, dada. Tangu Jumatatu mikono hainisikii. Nakaa hapa kama nimeingia nyumba ya watu."

Hata mimi kule chini nilielewa kwamba gauni likiharibika, ibada ya kesho haitakwisha kabla Maisaka nzima haijajua. Nani angemletea mama kitambaa tena?

Visigino vya Mama Upendo vilihangaika, mara huku, mara kule. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Basi iamkie."

"Si ulisema ni ushirikina?"

"Nimesema iamkie! Mimi naangalia barabarani."

Visigino vikageuka. Mama akafuta vumbi, akaipigapiga. "Shikamoo."

Sasa mimi nilikuwa nimelelewa kwamba salamu haiachwi hewani. Sikufikiri. Nikaitikia kwa sauti nzito, kama ya bibi, "Marahaba."

"Yesu wangu!" Mama Upendo alitoka mbio, kiatu kimoja kikabaki kizingitini. Upendo, machozi bado mashavuni, alicheka mpaka akapata kwikwi. Mama akainama chini ya meza. Nikajua nafinywa. Kumbe alicheka mpaka akakaa sakafuni. Kisha akainuka, akakikalia kiti chote, akafumua mikono ya gauni na kuishona upya. Jua halijazama, gauni lilikuwa limemkaa Upendo kama limemiminwa mwilini.

Miaka mingi niliamini cherehani ilikuwa imesusa, nami nikaipatanisha na mama. Sasa niko kidato cha tatu, na kabla ya kusimama kujibu swali darasani huwa nakandamiza kidole gumba kwenye kona ya dawati. Dawati siliombi kitu. Kuomba nimeshaomba nyumbani, na Mungu amesikia. Kile kidole kinaniambia mimi, haya, umefika, anza. Nadhani mama naye alikuwa akijiambia hivyo hivyo, ila yeye alitumia adabu zaidi.

Jumapili ile asubuhi, kabla ya kanisa, nilitumwa peke yangu kwa mara ya kwanza nikamrudishie Mama Upendo kiatu chake. Mlangoni kwake miguu iligoma. Nikakifuta kile kiatu vumbi, nikakipigapiga kisigino, nikakinong'oneza, "Shikamoo."

Kisha nikapiga hodi, kwa sauti ya kusikika.