Shati ya Gachau ya Siku ya Kuripoti

Mambo ya kuandika sitaki. Shule niliachia darasa la tatu, na mambo ya nyumba yangu si ya kusomwa kotini. Lakini wewe Perez ndiwe afisa wa probesheni wa kijana wangu Gachau, na umesema niandike maisha yake kabla umrudishe kwa hakimu Jumatatu, afungwe. Haya, soma.

Gachau alikuwa fundi wa kuchomelea mageti huko Kimbo. Mageti mengi ya hapa Gatongora ni mkono wake. Mwaka juzi akaanza kusema redio ya kinyozi inamtaja jina. Akaenda akavunja vioo vya kinyozi. Koti ikampa probesheni miaka mitatu, awe akija kwako Thika kila mwezi.

Sasa umeandika ni jeuri, amekosa kuja kuripoti mara tatu makusudi. Ukaniambia, vile mnaita sisi wazee, "Shosho, wagonjwa wa akili nawajua. Wanakuja wachafu, wanaongea peke yao. Huyu wako amenyoa ndevu na ananijibu sawasawa."

Nani alimnyoa? Ni mimi. Kila siku ya kuripoti namwosha kichwa kama mtoto, napiga shati pasi, namfundisha majibu njiani.

"Ukiulizwa kama unalala?"

"Nalala, Maitu." Ndivyo ananiita mimi mama yake.

"Na sauti?"

"Hakuna."

Siku moja akaniuliza, "Maitu, na nikisema ukweli?" Nikamwambia anyamaze. Sikutaka mtu yeyote Ruiru aseme mtoto wangu mimi Gathoni ni mwenda wazimu. Hiyo miezi mitatu alikosa, mimi nilikuwa kitandani na presha. Hakukuwa na wa kumvalisha.

Hatulii. Anazunguka nyumba tangu asubuhi, mkono kwa ukuta, mpaka nyasi imekufa kumebaki njia tupu. Nikimpa chai anakunywa akitembea. Na mimi siku hizi siwezi kukaa. Nikikaa nasikia viatu vyake vikipita dirishani, na visipopita natoka kuangalia.

Wewe ulikuja mara moja, na ulipiga simu kwanza. Nikamkalisha, nikatandika vitambaa kwa viti, ukanywa chai ukaenda.

Sasa kuja kesho, na usinipigie. Hatanyolewa. Shati ya pasi nimeifungia kwa sanduku. Simama hapo kwa geti yetu, hiyo alichomelea mwenyewe, uone atapita mara ngapi bila kukuona. Halafu andika barua ya kumpeleka kwa daktari, si kwa hakimu, mbele yangu, nikuone ukiandika.