Nakala ya Tano

Usiku ule nililala na hasira, jarida likiwa juu ya kifua changu. Mchana wake nilikuwa nimesimama katika duka la vitabu hapa Columbus, Ohio, nikafungua jarida la hadithi fupi na kukuta hadithi yangu, sehemu nyingine neno kwa neno, chini ya jina la Dana.

Dana ni mwenzangu katika kikundi cha waandishi. Tuko sita, na kila Jumamosi asubuhi tunasomeana hadithi katika chumba cha nyuma cha maktaba. Tuna desturi mbili. Hadithi yako ikijadiliwa, wewe unyamaze, hata wakiichinja mbele ya macho yako. Na nakala tano unazowagawia wenzako, wanaziandikia maoni kwa penseli, kisha Jumamosi inayofuata wanakurudishia zote. Zangu zilirudi nne. Dana alisema yake ameimwagia kahawa, nami nikamwambia, "Usijali, dada." Dada! Mwanamke niliyempikia pilau mama yake alipolazwa. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walishamaliza.

Hadithi ilikuwa ya bibi yangu mzaa baba, Bibi Mwanakombo wa Muheza. Ujanani alimwacha mtoto wake wa kwanza, Salama, akiwa na homa, akaenda kucheza ngoma ya harusi. Alijisemea ni meno tu yanaota. Aliporudi alfajiri, mtoto alikuwa ameshakata roho. Tangu siku hiyo, katika kila harusi, mikono yake ilikaa mapajani wenzake wakipiga makofi. Alinieleza mimi peke yangu, tukichambua mchele. Dana ameigeuza Muheza kuwa Kentucky na mchele kuwa maharage. Ile mikono mapajani ameiacha vilevile nilivyoiandika.

Basi kabla ya kulala nilimwandikia mhariri wa jarida barua kali, nikaambatisha hadithi yangu kama ushahidi, na majina yote ya kweli ndani yake. Nilibakiza kubonyeza "tuma" tu kwenye simu. Usingizi ukanichukua.

Nikajikuta katika chumba kile cha maktaba. Dana alikuwa anasoma, na alisoma vizuri, sitamnyima haki yake. Mlango ukafunguka, akaingia Bibi, peku, na kanga zake mbili na ungo wa mchele. Ana miaka minane kaburini, lakini alinukia mafuta ya nazi yaleyale. Akaenda moja kwa moja kwenye kiti anachokalia mtu ambaye hadithi yake inajadiliwa. Kiongozi wetu, profesa mstaafu, akainua kidole.

"Mwenye hadithi hasemi."

Alisema kwa Kiswahili, wala hakuna aliyeshangaa. Nilidhani ananiambia mimi. Alikuwa anamtazama Bibi.

Dana anamaliza kusoma, watu wote wanapiga makofi. Bibi mikono yake iko mapajani, juu ya ungo. Namtazama, naona uchungu, nataka kumkimbilia, ndipo nasikia makofi karibu mno na masikio yangu. Ni ya kwangu. Napiga makofi pamoja nao, kwa nguvu kuliko wote, kwa sababu sentensi zile ni zangu na ni nzuri. Najaribu kuizuia mikono, haizuiliki.

Zulia la maktaba ni mchanga sasa. Tuko uani Muheza, mimi na Bibi, ungo katikati yetu, tunatoa mawe kwenye mchele. Nalia kama mtoto.

"Bibi, wameniibia."

"Wamekuibia nini, mke mwenzangu?"

Ndivyo alivyoniita siku zote, kwa utani wa bibi na mjukuu. Leo hacheki.

"Hadithi yangu."

Anaokota jiwe, analitupa. "Na nakala yangu mimi, uliirudisha?"

Bibi hakukanyaga shule. Neno hilo sijui kalitoa wapi. Lakini nakumbuka alichoniambia siku ile ya mchele: "Hili liishie hapa kwenye ungo." Nilitikisa kichwa kukubali. Kisha nikasubiri azikwe, nikavuka nalo bahari, nikajiambia wafu hawasomi. Hata jina la mtoto sikubadilisha, eti linasikika vizuri masikioni mwa Wamarekani.

Nataka kumwambia niliandika kwa mapenzi. Sauti haitoki. Nadhani ni ile desturi yetu imenikaba koo.

"Sema tu," ananiambia. "Wewe si mwenye hadithi."

Maneno hayo yaliniuma kuliko yote aliyonifanyia Dana. Bibi akasimama, akakung'uta kanga, na sasa nauona ukuta wa chumba changu nyuma yake.

"Shangazi yako Zuhura hajui kama alikuwa na dada," alisema. "Asije akasimuliwa na wageni."

Nikaamka. Jarida lilikuwa limeanguka sakafuni. Nje kulikuwa kunapambazuka, na kwenye simu barua kwa mhariri ilikuwa inangoja kidole changu, na Salama yumo ndani yake kama kielelezo cha kesi. Dana sijamsamehe, na Jumamosi atanitambua. Lakini barua niliiacha palepale, nikampigia Shangazi Zuhura, kitinda mimba wa Bibi. Muheza ilikuwa saa saba mchana.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona sauti hiyo?"

"Shangazi, naomba ukae kwanza."

Nikasikia kigoda kikivutwa. Kwetu mtu haambiwi akae bure.

"Nimekaa," alisema polepole. "Niambie. Nani kafa?"

"Dada yako, shangazi," nikasema. "Aliitwa Salama."